Chambo Hai: Elimu ya Mvuvi na Haki ya Kibua

Kumvua samaki kwa samaki mwenzake, tena aliye hai, je, ni ustadi au ni utesaji? Swali hili sikuulizwa Lamu wala Kilifi, ambako mtoto hushika mshipi kabla hajahitimu juzuu ya Amma. Niliulizwa Takaba, katika Kaunti ya Mandera, nchi kavu ya ngamia na mbuzi, ambako maji ni ya kisima na bwawa la mvua, na bahari ni habari ya kusimuliwa tu.

Tulikuwa tumeketi kivulini na wenyeji, chai ya maziwa imekwisha kumiminwa, mazungumzo yakafika kwenye riziki. Wao wakanieleza mambo ya ngamia na malisho. Nami nikawaeleza jinsi mvuvi wa kwetu anavyomtia kibua hai ndoanani ili ampate kolekole. Mzee mmoja akanitazama kitambo, kisha akauliza kupitia kwa mwalimu aliyekuwa akitufasiria:

"Sheikh, huyo mdogo mnamtia chuma mwilini naye yu hai?"

"Naam, mzee wangu," nikamjibu.

"Na yeye amekosa nini?"

Watu wakacheka, lakini mzee hakucheka. Mfugaji naye ana hila zake. Ndama wa ngamia akifa, mama mtu huyazuia maziwa. Basi wachungaji humletea ngozi ya yule ndama, ainuse, moyo wake utulie, maziwa yashuke. Hiyo ni hila ya kumdanganya mnyama, lakini haimtoi damu. Ndiyo maana swali la mzee lilikuwa na uzito: alikuwa akipima hila yetu kwa hila yake.

Msomaji mpenzi, swali la namna hii halijibiki kwa maneno mawili. Kwanza yatupasa tuifahamu kazi yenyewe, jinsi inavyofanywa na wale waijuao, ndipo tuweze kuihukumu. Na huenda tukagundua ya kwamba huruma na ustadi, katika jambo hili, si maadui kama tunavyodhani.

Kwa nini hai?

Chambo kilichokufa kina kazi yake. Pande la ngisi, mkono wa pweza, au simu aliyekatwa vipande, hutosha kabisa kwa changu na wenzake watafutao chakula chini, maana hao huongozwa sana na harufu. Mvuvi hutia chubwi, akashusha mshipi mpaka sakafuni, akangoja.

Lakini wako samaki wengine ambao ni wawindaji hasa: kolekole, nguru, songoro, mzia na sulisuli. Hawa hutumia macho, na hutumia kitu kingine ambacho binadamu hatuna. Ukimtazama samaki ubavuni utaona mstari mwembamba uliotoka nyuma ya shavu hadi mkiani. Mstari huo si pambo. Ni safu ya vitundu vidogo vyenye hisia, na kwa hivyo samaki huhisi mtikisiko wa maji hata gizani. Samaki mdogo anapopiga mkia kwa hofu, maji hutikisika namna ya pekee, na yule mkubwa hupata habari kabla hajamwona.

Basi chambo hai hakiiti kwa harufu tu, bali huita kwa mwendo. Hapa ndipo penye siri yote ya kazi hii. Chambo kikifa ndoanani, au kikichoka kikalala ubavu, mvuvi amebakiwa na pande la nyama tu, tena la bei kubwa. Kwa hiyo kazi nzima, tangu kuchagua hata kufunga, ina lengo moja: kumfanya yule mdogo aendelee kuogelea kana kwamba hakupatwa na neno.

Kuchagua

Kanuni ya kwanza ni kuchukua chambo cha pale pale unapovua. Kolekole anayelala mlangoni mwa hori amezoea kula mikizi watokao na maji yanapokupwa. Ukimletea samaki asiyemjua, atamzunguka na kumwacha. Yule wa nje ya mwamba amezoea vibua, mpe kibua.

Kanuni ya pili ni kipimo. Wengi hudhani chambo kikubwa huleta samaki mkubwa. Mara nyingine ni kweli, lakini chambo kikubwa mno huumwa nusu, na mvuvi hupandisha kichwa kitupu. Kibua wa urefu wa kiganja na vidole vyake ni wa kadiri kwa kolekole wa kati na kwa nguru.

Kanuni ya tatu ni afya. Mwenye magamba yaliyopukutika, jicho lililovilia damu, au anayeogelea kwa kuinama upande, huyo weka kando awe kitoweo. Chagua yule anayekukimbia unapotia mkono ndani ya ndoo. Anayekukimbia wewe atamkimbia na kolekole pia, na mwindaji hapendi kitu kama kinachokimbia.

Sasa tuwataje kwa majina. Kibua ndiye mfalme wa chambo cha maji marefu. Ana nguvu na mng'aro, ila hafi polepole: akikosa hewa majini hufa ghafula, kwa kuwa ni samaki wa kwenda mbio daima. Mkizi ni mvumilivu zaidi, huishi muda mrefu ndooni, naye ndiye afaaye mahorini na milangoni. Ni huyo huyo ambaye wahenga walinena juu yake kwamba hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi, maana huruka kwa ghadhabu akaangukia chomboni mwenyewe. Chuchunge, mwenye mdomo wa chini mrefu kama sindano, hukaa juu juu ya maji, na nguru na mzia humpenda sana. Ngisi hai hapingwi na samaki yeyote. Chewa, songoro, jodari, wote humwendea. Na kamba hai, yule mdogo wa kwenye mikoko, ni chambo cha samaki wa horini.

Kumpata na kumweka

Mkizi na kamba hupatikana kwa kimia, maji yanapoanza kujaa, karibu na mikoko. Kibua huvuliwa kwa ndoana ndogo ndogo zilizofungwa unyoya mweupe, zikichezwa juu na chini palipo na kundi. Ngisi hutafutwa usiku kwa taa. Karabai ikiwaka ubavuni mwa chombo, dagaa hukusanyika nuruni, na ngisi huja nyuma yao.

Hapo mkononi ndipo pengi huharibika. Mwili wa samaki umefunikwa na ute, na ute huo ndio ngao yake dhidi ya maradhi na dhidi ya chumvi. Mkono mkavu huuvua ute kama mtu anayekwangua rangi. Kwa hiyo mvuvi mjuzi hulowesha mkono kwanza, akamshika samaki mara moja, kwa uthabiti bila kumbana, wala hamwachi akajipigapiga juu ya mbao.

Chombo cha kuwekea kiwe cha duara, maana samaki wa mbio hujigonga pembeni akaumiza pua. Kisijazwe. Ndoo iliyo na vibua watano wazima ni bora kuliko ndoo yenye ishirini wanaopumua juu juu. Maji yabadilishwe mara kwa mara, yawe ya bahari ile ile, na ndoo ikae kivulini. Maji yakipata moto, hewa iliyomo hupungua. Wako wanaotumia tenga lililosukwa, lenye kifuniko, ambalo hufungwa ubavuni mwa ngalawa na kuachwa lielee majini. Hilo halihitaji kubadilishiwa maji, kwani bahari yenyewe hupita ndani yake. Walakini chombo kinapokwenda kwa kasi, tenga lipandishwe, la sivyo maji yatawapigapiga waliomo mpaka wafe.

Kumtia ndoanani

Ziko njia nne ambazo aghalabu hutumika, na kila njia ina mahali pake.

Njia ya kwanza ni ya mdomoni au puani. Ncha ya ndoana hupitishwa kwenye tundu za pua, au mdomo wa juu peke yake, si midomo miwili pamoja. Ukiifunga midomo miwili umemziba pumzi: samaki hupumua kwa kupokea maji mdomoni na kuyatoa mashavuni. Njia hii hufaa penye mkondo, au wakati wa kurambaza polepole, kwa sababu samaki huvutwa akitazama mbele kama kawaida yake.

Njia ya pili ni ya mgongoni. Ndoana hupita chini kidogo ya ngozi, mbele ya pezi la juu, na isifike kabisa kwenye uti. Uti ukiguswa, samaki hupooza pale pale. Hii ni njia ya chombo kilichotia nanga, chambo kikaachwa kizunguke chini ya chelezo.

Njia ya tatu ni ya nyuma, karibu na mkia, juu ya pezi la chini. Samaki aliyefungwa hivi huenda mbele akijaribu kuukimbia mshipi, kwa hiyo hujipeleka mwenyewe mbali na chombo au chini ya mwamba. Hufaa pale mkondo usipokuwepo.

Njia ya nne ndiyo nzuri kuliko zote, nayo ni ya uzi. Mvuvi huchukua sindano na uzi imara, akaupitisha mbele ya tundu za macho, juu ya jicho lenyewe bila kuligusa, akafunga kitanzi, kisha akaitia ndoana katika kitanzi hicho. Ndoana hubaki nje ya mwili wa samaki, juu ya kichwa chake. Samaki huyu aweza kuogelea muda mrefu, na chuma chote ki wazi kumngojea mkubwa. Hutumiwa zaidi kwa samaki wakubwa wa maji marefu, kama nduaro na jodari. Mwenye mazoea huimaliza kazi hiyo kwa muda wa kuvuta pumzi chache. Asiye na mazoea afadhali ajifunze kwanza kwa samaki aliyekufa.

Ngisi hutiwa ndoana kwenye ncha ya mwili wake, upande usio na mikono. Kamba hutiwa mkiani, au chini ya ule mwiba wa kichwani, na mvuvi huliepuka lile doa jeusi lionekanalo kichwani kupitia gamba lake, kwani hapo ndipo penye uhai.

Ndoana yenyewe iwe nyepesi kadiri iwezekanavyo. Samaki mdogo aliyebebeshwa chuma kizito ni kama mtoto aliyetwishwa gunia: atajikokota, hatakimbia. Kwa nguru na mzia, wenye meno ya msumeno, sharti kuwe na kipande cha waya mbele ya mshipi. Nguru ana tabia ya kukata mkia kwanza, na kwa sababu hiyo wengine huongeza ndoana ya pili, ndogo, inayoburutwa nyuma karibu na mkia wa chambo.

Mkubwa akija

Mtu aliyezoea mshipi hujua mapema. Chambo kilichokuwa kikienda taratibu huanza kutetemeka kwa wasiwasi, mshipi ukapigapiga kidoleni. Yule mdogo amemwona adui yake. Kisha huja kimya cha nukta moja, na baada ya kimya, mvuto.

Hapo pana mtihani wa subira. Kolekole aghalabu humshika samaki kisha humgeuza ili ammeze kwa kichwa, mapezi yasimkwame kooni. Anayevuta mara ya kwanza humpokonya tonge mdomoni. Mvuvi hulegeza mshipi, akauacha uende, akahesabu kimoyomoyo, ndipo akaukaza. Kutoka hapo ni vita, kwa sababu kolekole hukimbilia mwambani akaukata mshipi kwenye jiwe. Wavuao kwa mkono mtupu huvisha vidole vyao vipande vya mpira wa gurudumu, kwa kuwa uzi wa nailoni ukienda mbio hukata kama wembe.

Lakini kumlegezea huko kuna dhara yake. Samaki akimeza sana, ndoana hufika tumboni. Mwenye kuvua kwa chakula hajali, kwani samaki amekwisha kuwa wake. Lakini akiwa ni mchanga asiyefaa kuchukuliwa, kumrudisha majini na chuma tumboni ni kumrudisha afe.

Kwa ajili hiyo imeenea ndoana ya mviringo, ambayo ncha yake haikuelekea juu bali imepinda ndani ikilitazama shina lake. Ndoana hii ikivutwa polepole huteleza kutoka kooni pasipo kuchoma, ikafika kwenye pembe ya mdomo na kushika hapo. Sharti lake ni moja: usiikurupushe kwa nguvu, kaza tu mshipi. Huko Watamu, lipo shirika liitwalo African Billfish Foundation, lililoanzishwa mwaka 1990, ambalo kazi yake ni kuwatia alama sulisuli, nduaro na wenzao kisha waachiwe, ili ijulikane huenda wapi na hukua vipi. Kazi ya namna hiyo haiwezekani ikiwa samaki wanaoachiwa wamechomwa matumboni.

Jambo hili limewashughulisha na watu wa mbali. Pwani ya mashariki ya Marekani yuko samaki mkubwa mwenye mistari saba au minane myeusi ubavuni, anayeingia mitoni kutaga mayai. Wenyeji humvua kwa mkunga hai, au kwa samaki hai wa jamii ya simu. Idadi yake ilipopungua, sheria ilitolewa ya kwamba tangu mwaka 2021 kila amvuaye kwa ajili ya burudani, akitumia chambo cha namna hiyo, lazima atumie ndoana ya mviringo. Hawakukataza chambo hai. Walikataza chuma cha tumboni.

Chazo asiyechomwa

Hapa nataka kuwakumbusha wasomaji jambo ambalo wazee wetu waliliweza zamani, nalo ni chambo hai kisichotobolewa kabisa.

Wapo baharini samaki waitwao chazo. Chazo ana kitu kama sahani utosini mwake, chenye vipande vilivyopangwa mithili ya ngazi. Kwa sahani hiyo hujigandamiza kwa papa, kwa kasa, hata kwa chombo, akasafiri bila nauli na kula masazo ya mwenyeji wake. Wanasayansi wamethibitisha ya kwamba sahani hiyo ni pezi lake la mgongoni lililogeuka umbo.

Wavuvi wa Kibajuni, katika visiwa vya kaskazini ya Lamu hata kuingia Somalia, walimfanya chazo mtumishi wao. Walimfunga kamba penye shina la mkia, wakamweka hai majini, na walipomwona kasa amelala juu ya maji, wakamwachia. Chazo alimwendea kasa, akamgandamana, na kadiri alivyovutwa nyuma ndivyo alivyozidi kushika. Mwaka 1884 Mwingereza mmoja, Frederick Holmwood, aliyekuwa katika ubalozi wa nchi yake Unguja, aliandika habari hizo katika jarida la chama cha elimu ya wanyama huko London. Wazungu walistaajabu, ingawa wenzao waliofuatana na Columbus walikuwa wamekwisha kuona jambo kama hilo kwenye visiwa vya Karibi karne nne kabla.

Leo kasa analindwa. Sheria ya Kenya ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inamkinga, na ni haki akingwe, kwa maana huchelewa sana kukua na mayai yake huliwa na kila kitu. Hivyo sisemi uvuvi huo urudishwe. Nasema tu ya kwamba katika hazina ya pwani yetu ilikuwamo elimu ya kumtumia samaki hai bila kumtia tundu, akarudi nyumbani mzima, akalishwa, na kesho akatumwa tena. Mvuvi aliyemtendea vibaya chazo wake alipata hasara mwenyewe, kwa maana chazo aliyedhoofika hashiki.

Kule Ziwa Victoria nako pana funzo. Sangara, yule mkubwa aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, huvuliwa kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi, na chambo apendwaye sana ni kambare mdogo aliye hai. Sababu yake ni kwamba kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo hastahili kuogopewa kufa upesi kama kibua. Mahitaji yalipokua, watu wakaanza kufuga vifaranga vya kambare mabwawani ili wawauzie wavuvi. Faida yake ni mbili: mvuvi hupata chambo kizima, na ziwa halikombwi watoto wake.

Kukombwa huko ndiko kunakoitisha pwani yetu sasa. Chambo hai hutoka kwenye mikoko na majani ya baharini, ambako mikizi na kamba hukulia. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mwaka 2001 Serikali ilipiga marufuku juya la kukokota, kwa kuwa nyavu hizo huzoa wadogo na wakubwa pamoja na kuyang'oa majani. Lakini marufuku ni neno la karatasi mpaka watu walitie moyoni. Bandu bandu huisha gogo. Kibua akiisha, kolekole hana haja ya kuja.

Jawabu la swali

Sasa turudi kwenye neno la mzee: yule mdogo amekosa nini?

Hakukosa kitu. Hilo lazima tulikiri kwanza. Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mavuo ya bahari katika Suratul Maida, wala hapana shaka juu ya uhalali wa samaki. Lakini uhalali wa chakula ni jambo moja, na namna ya kukipata ni jambo la pili. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufunza kutenda wema katika kila kitu, hata katika kuchinja, kwamba kisu kinolewe na mnyama apewe raha. Na amekataza kiumbe chenye roho kisifanywe shabaha ya mchezo. Hadithi zote mbili zimo katika Sahihi Muslim.

Wanazuoni hawakulipita jambo la chambo. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, ameeleza katika kitabu chake Al-Mughni kwamba Imamu Ahmad bin Hanbal alichukia kuvua kwa minyoo na kwa kila chenye roho, kwa sababu ya adhabu anayoipata mnyama. Hata hivyo mwenye kuvua hivyo, mavuo yake ni mubaha. Sisi wengi wa pwani tu wafuasi wa Imamu Shafi, nami si mufti. Mwenye kutaka fatwa amwendee mwalimu wake. Lakini naliona neno hilo lina hekima kwa kila mvuvi. Halikumpokonya mtu riziki yake, wala halikumwachia alale usingizi wa kutojali.

Kwa hiyo jawabu langu ni hili. Penye chambo kilichokufa kitoshacho, basi chambo hai kina haja gani? Changu hamwulizi mtu kama ngisi alikuwa hai. Penye haja ya kweli, chukua wachache, si ndoo iliyojaa ambayo nusu yake itamwagwa jioni ikinuka. Mkono ulowe. Ndoana iwe nyepesi, na ipite pale pasipo na uti wala jicho; na ukiweza uzi, tumia uzi. Chambo kikichoka, kimalizwe upesi kiwe kitoweo, kisiburutwe mpaka kiishe chenyewe. Waliobaki wazima, warudishwe baharini jua linapotua.

Na ajabu ya Mungu ni kwamba hakuna hata moja katika hayo linalompunguzia mvuvi chochote. Kila linalompunguzia kibua maumivu ndilo linalomfanya aogelee vizuri, na kila linalomfanya aogelee vizuri ndilo linalomleta kolekole. Mkatili hupandisha mshipi mtupu. Nimeliona hilo katika vyombo vingi, nami nimelitungia ubeti mmoja kwa wapendao kukumbuka mambo kwa shairi:

Wewe uvuaye hima, na mshipi mkononi,
Kibua anayehema, yumo mwako kiganjani,
Umshike kwa huruma, umrejeshe majini,
Mwenye roho na uzima, si mchezo duniani.

Yuko atakayesema haya ni maneno ya kalamu, na kwamba mwenye watoto sita hana nafasi ya kumhurumia kibua. Mwenye kusema hivyo aende gatini alfajiri, awatazame wavuvi wenye nywele nyeupe wanapotayarisha chambo. Hawana papara, hawarushi kitu, hawabani kitu. Mkono wao waingia ndani ya ndoo umekwisha kuloweshwa, watoka na samaki mmoja, na kabla hujakaza macho samaki amekwisha rudi majini anaogelea. Hao ndio wanaowalisha watoto sita, na hao ndio waliofundishwa na bahari yenyewe ya kwamba kitu kidogo kikiheshimiwa, hukuletea kikubwa.